Mnalipia kisu, mnanyima sindano

Mfuko mmoja wa bima ya afya umemjibu mama ninayemfahamu. Utalipia upasuaji wa vifundo vya mikono yake yote miwili, ambayo hufa ganzi usiku hadi akaikung'uta kitandani. Sindano yake ya kila mwezi ya akromegalia hautailipia. Eti ni dawa ya kurekebisha umbo. Uamuzi huu ni mbovu kitabibu, na kihesabu pia.

Akromegalia kwa kawaida hutokana na uvimbe usio wa saratani kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Uvimbe humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, nayo hulifanya ini litoe homoni nyingine, IGF-1, kwa wingi. Pete hazivuliki, viatu vinabana, taya linachomoza. Mama huyu alishapasuliwa kupitia puani, mabaki ya uvimbe yakasalia, na homoni bado iko juu. Sindano ndiyo ya kuishusha.

Najua sindano hizo ni ghali na mfuko una wanachama wengi. Najua pia upasuaji wa kifundo umewasaidia watu chungu nzima.

Lakini jibu la mfuko limesimama juu ya dhana kwamba mshipa wa fahamu wa kifundoni unabanwa na kitu cha nje: kata utepe ulioufunika, upate nafasi, basi. Mwaka 2000 madaktari wa London walichapisha walichokiona kwenye picha za MRI za wagonjwa wa akromegalia: mshipa wenyewe ndio uliovimba, umejaa maji ndani kwa ndani. Homoni iliposhushwa, uvimbe huo ulipungua. Ndiyo maana wapo wanaopata nafuu ya ganzi miezi michache baada ya kuanza matibabu, mkono haujaguswa na kisu.

Na si mshipa huo peke yake. Ultrasound imeonyesha kwamba hata ule wa kwenye kiwiko hunenepa, na hupungua homoni ikidhibitiwa, ingawa si lazima urudi kama wa mtu mwenye afya. Wengine hupata ganzi miguuni hata bila kisukari; na homoni hiyohiyo hupandisha sukari, adui mwingine wa mishipa ya fahamu. Sasa mfuko utakata wapi tena? Viwiko? Nyayo?

Kinachoniudhi zaidi ni muda unaopotea. Mshipa uliovimba huweza kunywea, lakini nyuzi zilizokufa na misuli ya kidole gumba iliyosinyaa hazirudi kirahisi, hata homoni ishuke vipi baadaye. Kila mwezi wa kupigana danadana na rufaa unakula kile ambacho sindano ingekiokoa. Halafu mnaita huku ni kubana matumizi! Rahisi huvunja upishi.

Lipieni sindano. Fuatilieni IGF-1 yake, na kama misuli haijaanza kusinyaa, pimeni mishipa ya mikono tena baada ya miezi sita. Kifundo kitakachokuwa bado na ganzi hapo ndipo kipelekwe kwa daktari wa upasuaji.