Shinyanga hadi Geita: Kilomita za angani na saa za mfanyabiashara

Ukichukua ramani na rula, kutoka Shinyanga hadi Geita ni yapata kilomita 160. Ndege ndogo ingezimaliza kwa muda wa nusu saa hivi. Tatizo ni kwamba hakuna ndege ya abiria yenye ratiba kati ya miji hiyo miwili, na hata ingekuwapo isingebeba matenga ya nyanya.

Januari 2021 ndege za abiria zilianza kutua katika uwanja mpya wa Chato, mkoani Geita. Kutoka Dar es Salaam hadi hapo ni kama kilomita 950 za angani, safari isiyozidi saa mbili kwa ndege. Lakini uwanja upo Chato, zaidi ya kilomita 60 kutoka Geita mjini, hivyo abiria akishuka bado ana safari ya gari. Wanaonufaika hasa ni maofisa, wageni wa migodi na wenye mzigo mwepesi wa thamani kubwa. Kilo moja ya dhahabu mwaka 2025 ilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi milioni 200, kwa hiyo nauli ya ndege haionekani. Kilo ya mchele wa Kahama haiwezi hesabu hiyo.

Kwa mkulima, kilichobadilisha saa za safari ni daraja. Anayetoka Shinyanga kwa njia ya lami hupita Misungwi, akakata kushoto Usagara kuelekea Kigongo, kisha Busisi, Sengerema na Geita: zaidi ya kilomita 200. Zamani kwenye Ghuba ya Mwanza ilibidi kusubiri kivuko. Siku ya foleni ndefu malori yalikaa saa mbili na zaidi, nyanya zikiiva juani na kuku wakifa kwenye matenga. Juni 19, 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na sasa maji hayo yanavukwa kwa dakika chache. Dereva anayeondoka Shinyanga saa kumi na moja alfajiri, asipokwama, anaweza kufika Geita kabla ya saa tano asubuhi, soko likiwa bado limechangamka.

Si kila bidhaa inahitaji haraka hiyo. Mchele na mahindi hayaozi njiani. Kwao muhimu ni gharama ya kila gunia. Mwenye shehena ya Kahama ana njia ya Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu, ambayo ni fupi, ila kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na wakati wa mvua Fuso zilizama. Wengine huzunguka Ushirombo, Runzewe na Bwanga, kisha Katoro. Ni mbali zaidi na mafuta huongezeka, lakini Katoro penyewe ni soko kubwa, na wapo wanaomaliza mzigo hapo bila kufika Geita.

Hivyo kabla ya kukodi gari, usimuulize dereva kilomita tu. Muulize anaondoka saa ngapi, anapakia mizigo ya watu wangapi njiani, na nani atakulipa matenga yakiharibika.