Nyama ya kangaruu: unalipia nini hasa?

Kule Australia kangaruu wa kuliwa hafugwi zizini. Huwindwa porini usiku na watu wenye leseni, kwa idadi iliyopangwa na serikali. Mzoga hufungwa lebo, huingizwa chumba cha baridi, kisha hukaguliwa. Je, mnyama ambaye hakuna aliyemlisha wala kumchanja anastahili bei nzuri? Nasema ndiyo, ila si kila kipande.

Nyama yake ni nyekundu na mafuta ni kidogo sana, kama asilimia 2 tu. Sarara ukiikausha motoni kama mishikaki yetu, inakuwa soli ya kiatu. Inataka moto mkali na dakika chache. Hiyo ilipie. Mkia ni mtamu ukipikwa taratibu, lakini mifupa ni mingi. Usikubali bei ya steki.

Zaidi ya yote, mimi nalipia ile lebo na ule ubaridi. Nyama ya kangaruu huuzwa pia kama chakula cha mbwa, na mnyama ni yuleyule. Kinachotofautisha ni namna alivyoshughulikiwa tangu risasi ilipompiga.

Na sisi Tanzania tuna bucha za nyamapori zenye leseni. Ukiona swala anauzwa nusu bei jioni juu ya baiskeli, bila muhuri wa bwana nyama, ujue ukaguzi ndio uliopunguzwa. Mimi hapo sinunui, hata muuzaji akiwa shemeji yangu.