Uhuru ni kushangilia cha kwako

Wazee wa Nachingwea wanaujua uhuru kwa vitendo. Hapo ndipo wapiganaji wa Frelimo walipofunzwa vita hadi Msumbiji ikawa huru Juni 25, 1975.

Leo jirani zao wa Ruangwa wana Namungo, timu iliyofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Lakini Simba au Yanga ikitua Uwanja wa Majaliwa, mwenyeji anageuka mgeni, jukwaa linajaa jezi nyekundu au za kijani.

Shabiki, hakuna anayekukataza Simba wala Yanga. Ila siku hiyo, dakika 90 tu, vaa ya nyumbani. Uhuru wa mtu wa kawaida ndio huo: kuwa na chako, ukishangilie bila kuomba ruhusa Kariakoo.