Tai Naye Hula Kibudu

Mtu anayesubiri mzee afe ili agawiwe shamba huitwa tumbusi. Shujaa huitwa tai. Tumezoea hivyo, na mazoea yamezaa imani: tai ni mwindaji anayekula jasho lake, tumbusi ni mvivu mchafu anayeeneza maradhi, asiyestahili hata kuhesabiwa miongoni mwa ndege mbuai. Uzushi mtupu.

Huyo tai mla samaki aliyewekwa kwenye bendera ya Zambia hana haya kumpora korongo samaki ambaye amekwisha kuvuliwa. Na kama kuua ndiko kunakomfanya ndege awe mbuai, basi tumpe kunguru cheo hicho, maana anatumalizia vifaranga. Hatumpi, kwa sababu linaloangaliwa ni ukoo na maumbile. Tumbusi wa Afrika wamo katika familia moja na tai na mwewe, wakiwa na mdomo uleule wa ndoana. Miguu yao ni dhaifu, hilo nakubali. Mmoja wao, anayeonekana hata pwani yetu, chakula chake kikuu ni matunda ya michikichi. Bado ni mbuai. Kumbe kozi, anayefugwa na Waarabu kwa uwindaji, kwa jeni yuko karibu na kasuku kuliko tai!

Ama maradhi, waulizwe Wahindi. Tindikali ya tumbo la tumbusi huua vijidudu ambavyo vingetulaza sisi. Miaka ya 1990 tumbusi wa India walianza kupukutika, na mwaka 2004 watafiti huko Pakistan wakagundua kiini chake: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wakipewa ng'ombe. Mizoga ikabaki bila mwenyewe. Mbwa koko wakaongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikaongezeka nao.

Huku kwetu mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba hutia mzoga sumu, na tumbusi ndio wanaotangulia kufika. Jangili yeye huwaua kwa makusudi: wakizunguka angani, askari wa wanyamapori hujua pa kwenda. Juni 2019 nchini Botswana, mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Pamoja nao walikufa tai wawili. Walifuata nini pale, waheshimiwa hao wasiogusa kibudu?