Ukinunua Trela la Zamani, Rangi Iwe ya Mwisho

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema, na kama tutakosana basi tukosane. Hizi video za "nilinunua trela limechakaa, ona sasa" zinatudanganya. Dakika mbili za grainda na muziki, rangi ya kijani ya jeshi inapulizwa, trela linang'aa, watu wanamwaga moto kwa comments. Hakuna mtu amelala chini ya hilo trela. Hakuna mtu amefungua habu. Na ni hilo hilo litavutwa Desemba likiwa limejaa hema, mafuta na mitungi ya maji, likishuka Mai Mahiu na lori mbele, matatu nyuma.

Msimamo wangu ni huu: pesa ya trela la zamani ianze kuliwa mahali kamera haifiki. Ikibaki, nunua rangi. Isipobaki, tembea na kutu ya juu, haina shida.

Langu ni Sankey. Ni lile trela dogo la magurudumu mawili lililotengenezwa Uingereza kuvutwa na Land Rover za jeshi, limejengwa kubeba robo tatu ya tani nje ya barabara. Nililipata Nanyuki, na hiyo haifai kushangaza mtu, kwa sababu jeshi la Uingereza limefanya mazoezi pande hizo miaka mingi. Mzee aliyeniuzia alikuwa akilitumia kupelekea ng'ombe maji na nyasi. Tulikaa kwa chai tukiongea bei mpaka akaniambia, "Kijana wangu, hii chuma itakuzika." Alikuwa anaisifu. Mimi nikaisikia kwa njia zote mbili.

Sitaki mtu afikirie ni mapenzi ya vitu vya kale tu. Magurudumu ya Sankey yanaingia kwenye Land Rover za zamani, kwa hivyo spea moja inahudumia gari na trela. Ukipata lile la ekseli pana, tairi zake zinafuata njia ile ile tairi za gari zimepita, na kwa mchanga hiyo ni nusu ya vita. Chuma chake ni nene, springi ni za majani, na kila fundi kutoka Isiolo hadi Maralal ameshawahi kushika springi za majani.

Utaambiwa, enda tu Kariobangi utengenezewe jipya. Sawa, na mafundi wa jua kali wanajua kazi, mimi siwezi kuwadharau. Lakini uliza swali moja kabla ya kulipa: hiyo ekseli imetoka wapi? Mara nyingi imetoka kwa gari lililokufa. Hakuna ubaya, mradi ujue ni ya gari gani ndio ukikwama Baragoi ujue beringi gani ya kuagiza. Trela "jipya" lenye ekseli ya umri usiojulikana ni trela la zamani tu, limetangulia kupata rangi.

Kabla ya nyundo na grainda kuna karatasi. Hapa Kenya trela husajiliwa kivyake na NTSA, linapewa nambari yake inayoanza na Z, na lina logbook yake. Sasa haya matrela ya shambani mengi yamezunguka mkono kwa mkono na hakuna mtu amebadilisha jina. Lala chini usome nambari ya chesisi, ilinganishe na logbook, na muuzaji akubali kuhamisha umiliki kwa eCitizen mkiwa bado mnaongea vizuri. Kama logbook haipo, basi unanunua vyuma, na vyuma huuzwa kwa kilo. Na uliza watu wa bima yako kama inagusa kitu unachovuta, maanake wengi hawajawahi kuuliza.

Haya, tuingie chini.

Kutu ina tabia ya mnafiki. Mahali panapoonekana pabaya, kwenye mbao za pembeni au bati la juu, mara nyingi pako sawa. Uharibifu uko ndani ya kona ambapo matope na samadi vimekaa miaka, na pale springi zinaposhikana na chesisi. Chukua nyundo ndogo ugonge kila sentimita. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito kama debe limejaa mchanga, na wakati mwingine nyundo inapita moja kwa moja. Langu lilikuwa na sehemu mbili za hivyo, karibu na mlingoti wa kuvutia. Fundi wa kuchomelea aliziangalia akaniambia, "Boss, hapa naweka kipande cha bati, tunapaka, hakuna mtu ataona."

Nikamwambia, "Fundi, mimi ndio nitakuwa mbele yake tukishuka Mai Mahiu."

Akacheka, akakata chuma chote kilichooza mpaka akafika kwa chuma safi, akachomelea kipya cha unene ule ule. Ilichukua siku mbili badala ya nusu saa, na bei ilipanda, na nililipa bila kunung'unika. Hapa ndio nataka tuelewane: tunalaumu sana mafundi kwa kazi ya kuzibaziba, lakini ni sisi tunawaambia tuna elfu tatu na tunataka limalizike leo. Fundi anakuuzia kile umekuja kununua. Na kama kuna kipande kimepakwa zinki, kile chuma cha kijivu kisichoshika kutu, mwache akikwangue kwanza na afanye kazi nje penye upepo. Moshi wa zinki ikichomwa unaleta homa na baridi usiku huo. Wengi hunywa maziwa, wakaendelea kuuvuta.

Habu ndio zinaua safari nyingi zaidi ya kitu kingine. Trela likikaa miaka chini ya mti, grisi inakauka, maji yanaingia, beringi zinashika kutu kwa ndani huku gurudumu bado linazunguka vizuri ukilisukuma kwa mkono. Fungua zote mbili. Zioshe na mafuta ya taa, uangalie kama kuna madoa au mikwaruzo, na ukiona hata moja, weka mpya pamoja na sili mpya. Grisi isukumwe katikati ya beringi kwa kiganja, isipakwe juu juu kama Vaseline. Ukirudisha nati, kaza huku unazungusha gurudumu, halafu ilegeze kidogo, uweke pini mpya. Ile pini ya shilingi kumi usiirudie, tafadhali.

Breki za Sankey ni za akili sana. Gari likipunguza mwendo, trela linasukuma mbele, mlingoti unarudi nyuma kidogo na hiyo nguvu ndiyo inayokaza breki za trela. Hakuna waya wala kompyuta. Lakini ule mlingoti ukishikwa na kutu, huna breki na hutajua, kwa sababu barabara ya tambarare haitakuambia. Lazima utolewe, usafishwe, utiwe grisi, mpaka uteleze. Na ukirudi nyuma kumbuka kufunga kile kikufuli chake, la sivyo utasukuma trela ambalo limejifungia breki na ulaumu klachi.

Tairi ni fupi: usiangalie meno. Tairi ya trela huzeeka ikiwa imesimama. Ubavuni kuna tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hivyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Hiyo tairi hata kama ina meno kama ya mamba, ifanye bembea ya watoto.

Taa, angalia kama balbu ni za volti 24, maanake magari mengi ya jeshi hutumia hizo na gari lako pengine ni la 12. Utakuwa na taa zinazowaka kama mshumaa na utafikiri ni waya. Waya mpya zote, na ile ya ardhi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa, si juu ya rangi. Ongeza minyororo miwili ya usalama chini ya kishikio, ikikingamana. Jeshi lilikuwa na madereva waliofunzwa. Sisi tuna shemeji anayesema "nipe nijaribu."

Mtu aliniandikia kwamba nikifanya haya yote, gharama itazidi bei niliyonunulia. Ndiyo. Nililinunua elfu themanini na tano, na bila rangi nimeshapita hiyo. Bei ya kwanza kwa kitu kama hiki ni ya kuingia tu mlangoni. Kama huna ya pili, mwachie mzee trela lake liendelee kubeba nyasi, hapo halidhuru mtu.

Langu sasa hivi lina primer nyekundu tu na bamba la Z nyuma. Si la kupigwa picha. Jumamosi naweka magunia ya mchanga ndani, mengi kidogo mbele ya ekseli ndio lisiyumbe, tunaenda Narok na kurudi, nikisimama kila kilomita 20 kushika habu kwa mkono. Ikiwa vuguvugu, tunaendelea. Ikichoma kiganja, tunafungua tena.