Hollywood, msifute sura za Wakorea kwenye filamu zao

Ndugu wasikilizaji, na ninyi baba na mama mlio kambini au kwenye familia zilizowapokea, leo tuache kidogo habari za barabara na bei ya unga. Tuongee habari ya filamu. Msiseme hayo ni mambo ya vijana wasio na kazi. Mwishoni mtaona inatuhusu.

Kule Marekani, Hollywood ina tabia moja. Ikiona filamu ya Korea Kusini imependwa na watu, haitosheki kuionyesha jinsi ilivyo. Inanunua haki na kuitengeneza upya kwa Kiingereza. Mji unabadilishwa, majina yanabadilishwa, waigizaji Wakorea wanabaki nje. Il Mare ya mwaka 2000 ikageuzwa The Lake House mwaka 2006. My Sassy Girl ya 2001 ikarudiwa 2008. A Tale of Two Sisters ya 2003 ikaitwa The Uninvited mwaka 2009. Oldboy ya 2003 ikarudiwa 2013. Juzijuzi, mwaka 2025, Save the Green Planet! nayo imekuwa Bugonia.

Sababu inayotolewa ni ileile: eti Mmarekani hapendi kusoma maandishi chini ya picha. Mimi nasema huo ni uvivu, na ndani ya uvivu huo kuna dharau. Ni kumwambia Mkorea: hadithi yako ni tamu, lakini uso wako hatuutaki.

Tuchukue Oldboy. Filamu ya Park Chan-wook ilipata tuzo kubwa ya pili, Grand Prix, kule Cannes mwaka 2004. Inasimulia mtu aliyefungwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa kosa lake. Hollywood ikampa kazi Spike Lee, mtu anayejua kazi yake, hilo hatubishi. Kifungo kikawa miaka 20. Ndiyo, Wamarekani waliongeza miaka 5, lakini maumivu yakapungua! Filamu iligharimu dola milioni 30 hivi, na mapato yake hayakufika hata robo ya pesa hizo.

Mtu ataniambia: mbona The Lake House iliingiza zaidi ya dola milioni 100? Ni kweli, pesa iliingia. Lakini waulize walioitazama kama wanaijua Il Mare. Hapo ndipo lilipo kosa: nakala inakula jina la mama yake. Na mambo haya hayawapati Wakorea peke yao. Mwaka 2007, The Departed ilipopewa tuzo ya Oscar ya hadithi, mtangazaji ukumbini alisema filamu ya asili ni ya Japani. Si kweli, ilikuwa ya Hong Kong. Walichukua hadithi nzima na hawakukumbuka hata nyumbani kwake!

Sasa sikilizeni hili, ninyi mliokimbia vita. Mwaka 2016 Wakorea walitoa Train to Busan. Baba mmoja anampeleka binti yake kwa mama yake mjini Busan, na ndani ya treni ugonjwa unawageuza watu kuwa zombi. Wakorea zaidi ya milioni 11 waliitazama kwenye majumba ya sinema. Lakini tukio linalochoma moyo si la zombi. Ni pale abiria walionusurika wanapofika kwenye behewa la wenzao, na wenzao wanawafungia mlango wakisema: hawa labda wameshaambukizwa, wasiingie. Nani kati yenu hajawahi kufungiwa mlango namna hiyo?

Na kwa nini Busan? Kwa sababu katika vita vya Korea, vya mwaka 1950 hadi 1953, Busan ndiyo ilikuwa kimbilio la mwisho. Jeshi la Kaskazini lilipoteka karibu nchi nzima, pembe hiyo ya kusini haikuanguka. Wakimbizi walijaa huko, wakajenga vibanda mlimani, wakaanza maisha upya. Mkorea akisikia treni inakwenda Busan, anasikia sauti ya bibi yake. Basi mwaka 2021 zikatoka habari kwamba Hollywood inaitengeneza upya kwa jina The Last Train to New York. Ilipangiwa kutoka mwaka 2023, kisha ikaondolewa kwenye ratiba. New York ni mji mkubwa, sawa, lakini bibi gani wa Kimarekani alikimbilia New York akiwa na mtoto mgongoni na mabomu nyuma yake? Ukihamisha treni hiyo, unabaki na zombi tu.

Sisemi kukopa hadithi ni dhambi. Hadithi zimetembea tangu zamani. Hata Oldboy ya Wakorea ilitoka kwenye kitabu cha picha cha Wajapani. Kuna kukopa kwenye heshima. Mwaka 2014 Wakorea walitoa Ode to My Father. Ni habari ya mtoto anayekimbia bandari ya Hungnam mwezi wa 12 mwaka 1950, wakati watu wapatao 14,000 walipojazana kwenye meli moja ya mizigo ya Marekani. Dada yake mdogo anamponyoka mgongoni wakati wanapanda meli. Baba anarudi kumtafuta, na meli inaondoka. Mtoto anakua, anazeeka, na bado hataki kuuza duka la sokoni Busan, kwa kuwa hapo ndipo baba alisema watakutana.

Wahindi waliinunua hadithi hiyo na kutengeneza Bharat mwaka 2019. Lakini hawakubadilisha sura tu. Waliweka kidonda chao wenyewe: mtoto anapoteana na baba na dada yake mwaka 1947, India na Pakistani zilipogawanywa. Huko ndiko kukopa kwa mtu mwenye lake la kusema. Hollywood inakopa chungu na kukirudisha kitupu.

Habari ya maandishi ya chini isitudanganye pia. Parasite ya Bong Joon-ho ilipata Oscar nne mwezi wa 2 mwaka 2020, pamoja na ile ya filamu bora. Ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu isiyo ya Kiingereza kuichukua. Wamarekani walijaza majumba ya sinema na kusoma. Kumbe wanaweza!

Na asiyejua kusoma je? Hapo sisi watu wa Kiswahili tunaweza kuwafundisha matajiri wa Hollywood. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walifanya nini? Walichukua filamu kama ilivyo na kuisimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Mama asiyejua herufi hata moja anacheka na kulia pamoja na Mkorea, akimwona Mkorea mwenyewe. Hakuna aliyefukuzwa kwenye picha ili sisi tuelewe.

Kwa nini nasema inatuhusu? Mwaka 2020 ndugu yetu Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alitoa En route pour le milliard. Ni watu waliokatwa viungo katika vita vya siku 6 vya Kisangani, mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwao. Wanapanda mashua, wanashuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Ni wao wenyewe, na magongo yao na nyimbo zao. Fikiria kesho mtu aseme: hadithi nzuri, tuirudie na waigizaji wetu, na mto uwe Mississippi. Mngekubali?

Mwaka 1983 televisheni ya KBS ya Korea ilitangaza kwa siku 138 watu waliopotezana vitani. Walisimama mbele ya kamera wakishika mabango yenye majina, vijiji, hata alama za makovu, na familia zaidi ya 10,000 zikapatana. Walitambuana kwa sura na kwa sauti. Mwigizaji wa kukodi hawezi kutambuliwa na dada yake.

Kwa hiyo ninyi wenye vyumba vya video mitaani, mkipewa Oldboy, ulizeni ni ipi, na wekeni ile ya Wakorea, na msimulizi wa Kiswahili. Na ninyi vijana wenye simu kambini, wazee wapo. Warekodini wakisimulia safari yao kwa lugha yao, kabla mtu wa mbali hajaja kuinunua.