UCHAMBUZI: Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ni mawingu gani?

KILA ufikapo msimu wa baridi kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Nairobi, Limuru na Nyeri huamka wakakuta anga limefunikwa na wingu zito la kijivu ambalo huweza kudumu kutwa nzima.

Mgeni hudhani gharika imekaribia. Hata hivyo, jioni humfikia akiwa ameona manyunyu tu, yasiyotosha hata kujaza ndoo.

Katika kipindi hicho hicho, mkulima wa majani chai huko Kericho au Nandi anaweza kuianza siku kwa jua la kupendeza, na kufikia alasiri mvua ya mawe iwe imekwisha kulirarua shamba lake.

Wahenga waliosema kwamba dalili ya mvua ni mawingu hawakukosea. Lakini hawakufafanua ni mawingu gani, na ufafanuzi huo ndio unaokosekana kila mara mjadala wa utabiri wa hali ya hewa unapozuka nchini.

Wingu la msimu wa baridi ni la tabaka, ambalo wataalamu huliita stratasi. Hutokea pale upepo wenye unyevu kutoka kusini-mashariki unapopanda nyanda za juu, ukapoa na kutanda chini mithili ya blanketi. Kwa kuwa wingu hilo ni jembamba na halina msukumo wa kwenda juu, matone yake hubaki madogo.

Lile la Kericho ni kumulonimbasi. Joto la mchana huiinua kwa kasi hewa yenye unyevu wa Ziwa Viktoria hadi wingu likawa mnara wa zaidi ya kilomita 10. Huko juu maji huganda, na ndiyo sababu wingu hilo huandamana na radi, upepo mkali na mawe ya barafu.

Isitoshe, anga safi si salama kila wakati. Usiku usio na mawingu, joto la ardhi hutoroka bila kizuizi. Wakulima wa viazi Nyandarua wanalijua hilo vyema, kwa kuwa ni baada ya usiku kama huo ambapo huamka wakakuta sakitu imeunguza mimea yao.

Mawingu, hata hivyo, hueleza ya saa chache zijazo tu. Habari za msimu mzima hutoka mbali zaidi, kwenye bahari. El Nino ni kuongezeka kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, nayo Bahari ya Hindi ina mabadiliko yake. Upande wa magharibi, karibu na pwani yetu, unapopata joto kuliko kawaida, mvua za vuli huwa kubwa.

Hapo ndipo neno moja linapoweza kupotosha taifa. Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba wataalamu walikuwa wamebadilisha utabiri wao, na kwamba El Nino yenye uharibifu mkubwa isingekuwapo, bali mvua ya kutosha tu.

Kufikia mwisho wa Novemba mwaka huo, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini na kuwafurusha maelfu makwao, zikiwemo familia za Garissa, Mandera na Tana River.

Ubishi wakati huo ulihusu iwapo El Nino ingekuja au la, ilhali jina halikuwa muhimu. Novemba 2019 hapakuwa na El Nino, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na maporomoko ya udongo yaliangamiza makumi ya watu Pokot Magharibi.

Tatizo la kwanza ni kwamba utabiri wa msimu husomwa kama ahadi. Ukweli ni kwamba mtabiri hugawanya uwezekano katika mafungu matatu: mvua ya juu ya wastani, ya kiwango cha kawaida na ya chini. Anaposema uwezekano wa mvua kubwa ni asilimia 45, amesema pia kwamba upo uwezekano wa asilimia 55 wa mambo kwenda vingine. Mvua ikikosekana, hajasema uongo.

Tatizo la pili ni vipimo. Mwananchi akiambiwa kwamba milimita 20 zitanyesha kwa saa 24, huona ni kidogo. Lakini milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba. Paa la mabati la mita mraba 50 litapokea lita 1,000, na ekari moja ya mlima itapokea takriban lita 80,000.

Tatizo la tatu ni umbali. Mkazi wa Garsen anaweza kufurikiwa bila kuona wingu lolote, kwa kuwa maji ya Mto Tana hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Vivyo hivyo, mkazi wa Budalang'i hubeba mzigo wa mvua iliyonyesha Cherang'any na Mlima Elgon, ambayo hushuka na Mto Nzoia.

Kwa hivyo, haitoshi kwa serikali za kaunti kusambaza taarifa za watabiri jinsi zilivyo. Chifu na mtangazaji wa redio wanahitaji kuambiwa ni kijiji kipi kihame, lini, na kielekee wapi.

Aidha, viongozi wa kisiasa wana wajibu wa kuwaachia wataalamu kazi ya kutangaza utabiri. Uwezekano mdogo wa janga si ruhusa ya kulala. Anayejiandaa kisha mvua ikapungua hupoteza jasho la siku chache. Asiyejiandaa hupoteza watu.